Mwinuko wa Mawe Saba

Anselmo Tafoya alivunjika mguu Jumatatu asubuhi, na Jumatano alasiri magari sita ya jeshi, ya kukokotwa na nyumbu, yakafika mlangoni kwake yakitaka kupandishwa mlima.

Mguu ulivunjwa na maksai wake mwenyewe. Alikuwa amechutama akikagua ukwato, mnyama akashtukia nyoka, akamkanyagia mguu juu ya boriti ya zizi. Mfupa ukakatika chini ya goti. Mama yake, Nicanora, aliunyoosha kwa mikono yake, akaufunga kwa vipande vya msonobari na ngozi mbichi, akamwambia alale siku arobaini. Alikuwa amemaliza mbili.

Casimira, mkewe, alikuwa nje anatundika pilipili ukutani alipoliona vumbi. Alihesabu magari kwa vumbi lake, akajifuta mikono, na hakuingia ndani kumwambia mumewe. Magurudumu ya jeshi yanasikika kutoka mbali, na mtu aliyelala chali hana kazi nyingine ila kusikiliza.

Nyumba ile ilikuwa na sababu moja tu ya kuwa pale. Zamani mwinuko ulikuwa njia ya kondoo, na mikokoteni ya baba yake Anselmo. Kisha, miaka kumi na mmoja nyuma, askari walikuja na sururu na baruti, wakaipanua njia, wakaiita barabara ya jeshi, na kila kilichokuwa chini yake kikawa mali ya jeshi: chemchemi, majani, hata udongo uliokuwa chini ya kitanda cha akina Tafoya. Wakawaachia hati. Nyumba itakaa, italisha, itachota maji. Na kila gari la jeshi litakalofika, nyumba italipandisha kwa maksai wake, ikitoa mswagaji mmoja na mshika kabari mmoja, kwa dola mbili kila gari. Hati ilitiwa sahihi upya kila Oktoba. Nyumba ikishindwa mara moja, hati imekufa.

Na sasa ilikuwa Oktoba. Kule mtoni, Rademacher mwenye duka alikuwa amenunua nyumbu wakubwa kumi na wawili, na hati ile alikwisha kuiomba mara mbili.

Sajini Pruett aliingia bila kuvua kofia. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye Kihispania cha kuokota njiani, na hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Aliuliza mwenye nyumba yuko wapi, akaambiwa yuko kitandani, kavunjika mguu. Akaenda mpaka kitandani, akalifunua blanketi yeye mwenyewe, akaukodolea macho mguu kama anayekagua farasi wa kununua. Anselmo alilala pale na shati tu, mapaja nje, akiutazama ukuta.

"Umevunjika kweli," sajini alisema, akalirudisha blanketi. "Mwezi mbaya wa kuvunjika. Jumamosi saa sita mchana nataka magari yote sita yawe juu. Ngome haina unga wala majiko, na theluji haitangoja mguu wa mtu."

"Yatakuwa juu," Casimira alisema.

"Atayaswaga nani?"

"Mimi."

Sajini alicheka kidogo, akamgeukia Anselmo. "Bwana, mkeo anatania?"

"Wanyama wanamsikia yeye kuliko mimi," Anselmo alijibu. "Mimi nawachapa. Yeye ndiye anayewapa chumvi."

"Haya. Na kabari?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kabari ilikuwa kazi ya Casimira. Kilikuwa kipande cha mwaloni, chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, kimevikwa bati la chuma, na uzito wake kama mtoto wa mwaka mmoja. Mshika kabari hutembea nyuma ya gurudumu la kushoto, na maksai wakisimama kupumua, huisukuma kabari chini ya gurudumu ili uzito wa gari ukae juu ya mti, si juu ya shingo za wanyama. Breki za magari ya jeshi zilifaa tambarare. Pale mlimani zilikuwa pambo.

Vituo vya kupumulia vilikuwa saba. Baba yake Anselmo alivichagua kwa mikokoteni yake, akaweka kila mahali jiwe lililopakwa chokaa. Maksai walivijua. Walisimama wenyewe, bila neno, na hata ungewachapa wasingesogea mpaka wapumue. Kwa miaka kumi na mmoja Anselmo alitembea mbele na Casimira nyuma, na kutoka chini mpaka juu hawakuhitaji kusemezana.

Sajini alisema atawaazima askari mmoja. Nusu dola itakatwa kwa kila gari, maana jeshi halitoi watu bure.

Askari mwenyewe aliitwa Keogh, Mwairishi wa ndevu nyekundu, mtu mzima aliyezidi arobaini, mwenye maneno kumi ya Kihispania na adabu ya kuvua kofia. Jioni ile ile, kabla jua halijazama, Casimira alimpandisha mlima kwa miguu. Alimwonyesha mawe saba. Kwenye la nne alimsimamisha mara mbili.

La nne lilikuwa na kisa. Aprili iliyopita mlima ulimomonyoka, askari wakalipua mwamba na kukata kona mpya. Kituo cha zamani hakikufaa tena. Njia pale sasa iliinuka kama ngazi. Kituo kipya kilikuwa hatua thelathini juu zaidi, ukishapita kona, penye ubapa kidogo. Maksai walijifunza kwa siku tatu. Lakini jiwe jeupe lilibaki pale pale pa zamani, pembeni mwa njia. Anselmo alisema atapaka chokaa jiwe jipya. Ilipita Aprili, zikaja kazi za zizi. Ukaja wakati wa kukata majani, halafu mavuno ya mahindi. Wao wenyewe hawakulihitaji jiwe. Walijua.

"Si hapa," Casimira alimwambia Keogh, akiligusa jiwe kwa mguu. Akamvuta mkono mpaka mbele ya kona, akapiga ardhi kwa kisigino. "Hapa."

Keogh alinyoosha vidole vinne, akapiga naye kisigino.

*

Alhamisi walipandisha matatu, Ijumaa mawili. Nyumbu wa jeshi walifunguliwa, wakapandishwa watupu, na maksai wanane wa akina Tafoya wakafungwa nira mbili mbili. Casimira alitembea kando ya jozi ya mbele na fimbo ndefu, akiita kila mmoja kwa jina lake. Wawili wa nyuma kabisa, Lucero na Moro, ndio waliobeba mti mrefu wa mbele wa gari, na uzito wote unaporudi. Walikuwa wazee wa kazi, wapole, macho nusu yamefumba.

Askari walikaa juu ya magunia wakamtazama mwanamke akiswaga. Mmoja alimwiga anavyowaita maksai, kwa sauti nyembamba, na wengine wakacheka. Casimira hakugeuka. Nyuma yake alisikia mti ukigonga chuma, tok, kwenye kila kituo, na kila alipousikia mabega yake yalishuka. Keogh hakukosea hata mara moja.

Kitandani, Anselmo alihesabu. Magurudumu yakinyamaza alijua ni kituo. Casimira aliporudi, kabla hajanawa, Anselmo alimwambia mwendo wote ulivyokuwa: la tatu walikaa sana, la sita Moro alikohoa.

"Nitakuwa mchawi kabla sijapona," alisema.

Lilibaki gari moja, lenye majiko. Majiko kumi na manne ya chuma, ya mabweni ya ngome ya juu.

Ijumaa jua lilipokuwa linatua, sajini alimwita Casimira kambini. Mswaga nyumbu mmoja alikuwa anaumwa tumbo, kwa hiyo kesho Keogh atakwenda na nyumbu. Halafu alikuwa ameisoma hati tena. Hati ilisema nyumba itoe watu wawili.

Casimira alimwambia bado gari moja tu. Alimwambia hilo ndilo zito kuliko yote. Sajini alisema anajua uzito wake, alilipakia mwenyewe. Basi akate dola zote mbili za gari hilo, Casimira alisema, amwachie Keogh.

"Usinihonge, mama," sajini alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye moto wa pili wa kambi. Watu waliokuwa wanakula walisimamisha vijiko. "Niambie tu. Nyumba ina watu au haina? Kama haina nitaandika haina, na nyumbu wa Rademacher wako mtoni, kesho asubuhi watakuwa hapa."

"Ina watu," Casimira alisema, na uso wake ulikuwa unawaka alipovuka kambi kurudi nyumbani.

*

Nicanora alikuwa jikoni anapiga chapati za mahindi baina ya viganja. Alisikiliza yote, hakuacha kupiga.

"Nitashika mimi," alisema.

"Mama, una miaka sabini na mmoja," Anselmo alisema kutoka kitandani.

"Na wewe una mguu mmoja. Nilishika kabari kabla hujajua kwenda chooni peke yako. Baba yako alikuwa na mikokoteni ya magurudumu ya mti mzima, inalia kama nguruwe anayechinjwa, na mimi nyuma, na wewe umo tumboni. Leo gari la askari limepakwa mafuta, nitashindwa nini?"

"Hujapanda mlima ule miaka miwili. Kifua chako je?"

"Kifua changu kinapumzika mara saba njiani, kama cha ng'ombe."

Anselmo alimtazama mkewe. Casimira alimtazama mkwewe, mikono ile mikavu, yenye nguvu. Hakukuwa na mtu mwingine katika nyumba ile.

"Kona ya nne wameikata upya," Anselmo alisema.

"Najua. Walilipua baruti mwezi mzima, kuku wakaacha kutaga. Mimi si kiziwi."

Casimira aliwaza kumpandisha asubuhi kwa miguu, amwonyeshe kama alivyomwonyesha Keogh. Halafu akaona kwamba mzee akipanda mlima mara moja mtupu, mara ya pili hatakuwa na pumzi ya kuinua kabari. Akaamua asimchoshe. Jiwe halikumjia akilini. Lilikuwa pale kila siku, alilipita kila siku, na kwa miezi sita halikuwa na maana kwake kuliko mawe mengine ya njiani.

*

Jumamosi walianza saa mbili na nusu. Sajini alikuwa ametangulia juu na Keogh na nyumbu. Askari wawili walikuja nyuma kwa mbali, bunduki begani, kwa kuwa amri yao ilikuwa kulinda, si kusukuma.

Gari lilikuwa zito kuliko yote matano. Casimira aliliona katika shingo za maksai, jinsi mishipa ilivyosimama kama kamba kabla hata hawajafika jiwe la kwanza. Walisimama. Tok. La pili, tok. Alirudi nyuma kidogo kumtazama mkwewe. Mzee alikuwa amekaa juu ya kabari yenyewe, kilemba kimelowa.

"Tazama njia," Nicanora alisema. "Mimi si njia."

La tatu, tok. Hapo walikaa muda mrefu. Upepo wa baridi ulikuwa unatoka juu, na mawingu yalikuwa ya rangi ya risasi. Midomo ya Nicanora ilikuwa imegeuka rangi. Casimira alitaka kusema tungoje, lakini alilikumbuka lile neno 'haina', na sauti ya sajini iliyolitamka. Akawaita maksai.

Kutoka la tatu hadi la nne njia imebanwa na mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na mtu wa mbele akishapinda kona hamwoni mtu wa nyuma. Casimira alipinda na jozi ya kwanza, kisha ya pili. Kwa nyuma, Nicanora aliliona jiwe jeupe. Lilikuwa jiwe la mumewe. Alikuwapo siku alipolipaka. Alijitayarisha, akainama, akaiweka kabari chini nyuma ya gurudumu kwa namna aliyoijua tangu ujana, akangoja uzito urudi.

Gurudumu likaondoka. Aliliona likienda, likipinda kona, na yeye amebaki ameinama na mikono mitupu. Akadhani mkwewe anavuka kituo kwa haraka. Aliita, lakini pumzi haikutosha kuita. Akaiinua kabari, akaikumbatia kifuani, akaanza kupanda.

Mbele, maksai walifika kwenye ubapa wao wakasimama.

Casimira alingoja mlio wa mti na chuma. Hakuusikia. Aliita, "Mama?" Akasikia badala yake mnyororo ukikazika, na kwato za Lucero na Moro zikikwaruza mwamba. Gari lilikuwa linarudi.

Aliwachapa. Aliwaita kwa majina, akawachoma kwa ncha ya fimbo, na jozi za mbele zilimtazama kwa mshangao tu, kwa sababu miaka yote ile hakuna aliyewahi kuwachapa kituoni. Pale palikuwa pa kupumua. Nyuma, Lucero na Moro walikuwa wamekalia matako, miguu ya mbele imenyooka, wanaburutwa. Gari liliinamia upande wa korongo.

Nicanora alitokea kwenye kona akakutana na gurudumu. Angeweza kujibanza kwenye mwamba. Nafasi ilikuwepo, askari wawili waliokuwa chini walisema baadaye. Aliitupa kabari mbele ya gurudumu, ikaanguka upande. Akapiga magoti, akaigeuza, akaisukuma kwa mkono wa kulia mpaka ndani kabisa, na gurudumu likaipanda kabari, likapanda na mkono, likasimama.

Hakupiga kelele. Aliyepiga kelele alikuwa Lucero, aliyeanguka ndani ya nira na mguu wa mbele umekatika.

Keogh alikuja mbio kutoka juu, bila kofia, akaviringisha mawe chini ya magurudumu yote. Yeye na wale wawili walilinyanyua gurudumu kwa gogo. Casimira aliutoa mkono. Aliufunga kwa kilemba cha mkwewe mwenyewe na hakuutazama zaidi ya ilivyolazimu.

Sajini alifika, akatazama gari, akamtazama mzee, akatoa saa mfukoni. Ilikuwa saa tano kasoro robo.

"Nitaagiza nyumbu wa kumshusha," alisema. Halafu akasema, "Gari litapanda?"

Casimira alikuwa amepiga magoti, kichwa cha Nicanora kiko pajani mwake. Mzee alifumbua macho.

"Usishuke na mimi," alisema. "Pandisha."

Casimira akasimama. Alimfungua Lucero kutoka kwenye nira, akamfungua na Moro pia, kwa kuwa hakuwa na wa kufungwa naye. Sajini alimpiga Lucero risasi moja nyuma ya sikio. Jozi iliyokuwa ya tatu ikarudishwa kwenye mti wa gari. Maksai sita sasa, na vituo vitatu vimebaki. Keogh aliiokota kabari ilipokuwa, akaifuta kwenye majani, akaenda nyuma ya gurudumu la kushoto. Hakuna aliyemwamuru. Sajini aligeuza uso, akatazama mawingu.

La tano, tok. La sita. La saba.

Walipofika juu sajini alitoa tena saa yake, akaitazama, akaifunga bila kumwambia mtu inasema nini. Akaandika katika daftari: magari sita, saa sita mchana. Halafu akaandika chini yake nusu dola ya Keogh, kwa gari la sita.

*

Anselmo alikuwa ameketi kitandani, mguu umenyooka mbele yake, alipomwona mkewe mlangoni. Mama yake alikwisha kushushwa, akapelekwa kwa daktari wa ngome ya chini juu ya nyumbu.

"Nilihesabu," alisema. "Kimya cha nne kilikuwa kifupi. Halafu risasi. Halafu nikakingoja cha tano mpaka nikaacha kuhesabu. Mama aliweka penye jiwe."

"Aliweka penye jiwe."

"Nilisema nitapaka jingine."

"Ulisema," Casimira alisema, akaenda kuwapa maksai maji.

Hati ilitiwa sahihi wiki iliyofuata, kwa mwaka mmoja, mpaka Oktoba. Magari sita kwa dola mbili ni dola kumi na mbili. Ikatolewa nusu dola ya Keogh mara sita, zikabaki tisa. Daktari alikata vidole vinne vya mkono wa kulia, akaacha kidole gumba, akataka dola nne kwa kuwa mgonjwa hakuwa wa jeshi. Zikabaki tano. Maksai wa kufungwa na Moro alikuwa dola thelathini na tano, kama angepatikana. Nyama ya Lucero askari waliila, na hawakulipa. Chapati sasa anapiga Casimira.

Chokaa ya kupaka jiwe moja ilikuwa senti kumi.